Hirizi Iliyoning'inia Nyuma ya Kompyuta

Mjomba,

Salamu nakupa kwa kuwa marehemu hanyimwi salamu, si kwa kuwa moyo umependa. Nina hasira nawe.

Tangu tukuzike Tiwi, duka lako la uchapaji hapa Ukunda halina amani. Siku ya kwanza nilipowasha kompyuta, programu ya kuchapa Kiarabu iligoma. Kioo kikaandika kwamba chipu ya ulinzi haionekani. Chipu gani? Miaka yote niliyofanya kazi kwako hukuwahi kuitaja. Vitabu vya madrasa vilikuwa vimefika nusu, na mwanao Salimu akanisimanga mbele ya watu, "Umeiua mashine ya marehemu!" Akaapa kwamba arubaini yako ikifika nayo haijapona, anaiuza na duka analifunga.

Nilihangaika, Mjomba. Nikabadilisha waya wa printa. Nikasafisha pini za plagi kwa spiriti. Nikaiweka programu upya. Mwisho nikamwita fundi kutoka Mombasa, akafungua boksi, akachungulia, akacheka. "Mashine hii ni nzima, dada. Inatafuta ile chipu, kidude ambacho mtu amekichomoa; bila hicho programu haifunguki. Huchomekwa hapa nyuma, kisha waya wa printa unafuata."

Amekichomoa nani? Hapo nikakumbuka kwamba kila asubuhi, kabla hujawasha, ulinituma mahamri. Na jioni, "Mwanasha, tangulia nje, nafunga mimi." Nami nilidhani ni heshima!

Tukapekua kanzu zako, droo, hata chini ya godoro. Ile hirizi ya ngozi iliyoning'inia msumarini nyuma ya kompyuta hakuna aliyeigusa. Hirizi haifunguliwi, kila mtu anajua. Mama alisema anayeipasua atapofuka. Lakini wewe, uliyewacheka wavaa hirizi ukiwaita wajinga wanaobeba makaratasi shingoni, ulikuwa na hirizi ya nini?

Nikaikata kwa wembe. Kikadondoka kidude cha plastiki, ukubwa wa kiberiti. Nikakichomeka. Kiarabu kikajaa kioo kizima, nami nikalia kwa ghadhabu.

Mbele ya wateja uliniita binti yako. Kumbe kila jioni ulinihesabu mwizi. Na bado, adhana ya alasiri ikilia, najikuta nimemimina chai vikombe viwili. Hilo nalo linaniudhi.

Vitabu vimetoka. Salimu hataji tena kuuza wala kufunga. Kesho ni hitima ya arubaini yako, nitakuja kukusomea, maana damu haikatiki. Kwaheri, Mjomba. Naahidi kwamba atakayejifunza kwangu ataonyeshwa kidude hiki kabla sijamwonyesha kibodi, nacho hakichomolewi tena.

Hirizi nimeishona, tupu, na kuitundika palepale. Mtu akiuliza ni ya nani, namwambia ni ya marehemu mjomba, aliyeiamini kuliko alivyoniamini mimi.

Mpwa wako,
Mwanasha