Bastola Niliyomficha Kaka

Plum Creek, Nebraska
9 Oktoba

Kaka Royce,

Naamini barua hii itakukuta mzima huko North Dakota, na kwamba baridi ya visima vya mafuta haijaanza kukukata vidole. Sisi huku tunashukuru. Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wamerudi kutoka malisho ya juu, na Mama anakula vizuri. Jana aliniuliza mara nne kama Baba ameshalisha farasi. Mara zote nne nilimjibu ameshawalisha. Kumwambia tena kwamba Baba amekufa nimeshindwa.

Najua unangoja habari za bastola, maana kila ukipiga simu ni hiyo hiyo. Tangu wale wezi walipomvamia jirani yetu Bwana Tollefson mchana kweupe wakamvunja taya, na sherifu akachukua dakika hamsini kufika, hata mimi sikuwa na ubishi tena. Basi nilinunua, tangu mwezi wa nane. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kwanza nijue kuitumia, usije ukanicheka.

Nilikwenda dukani kwa Bi Lavonne, yule aliyekuwa akiuza chambo cha samaki, siku hizi anauza silaha. Nikamwambia nataka ndogo, ya kuenea mkobani. Alicheka hadi akashika kaunta.

“Mwanangu, hapa hatuchagui pochi. Hiyo ndogo itakuruka mkononi kama chura. Shika hii. Kidole nje! Kikae nje mpaka uwe umeamua kuua mtu.”

Nikakitoa kidole upesi.

Wiki tatu alinifundisha kwenye uwanja wake wa shabaha nyuma ya duka. Ile ndogo iliniruka kweli. Ya silinda ya risasi inayozunguka, kama aliyokuwa nayo Baba, ilinishinda kwa uzito wa kifyatulio. Nikatua kwenye moja ya wastani, iliyokaa vizuri kiganjani. Alinionya kwamba risasi ikimkosa mwizi haiishii hapo, bali hupenya ukuta wa mbao ikamkuta aliye chumba cha pili. Ndipo akaniuliza ninaishi na nani. Nikamjibu ninaishi peke yangu.

Nilimdanganya, Royce. Nilijua nikimtaja Mama na hali yake, asingeniuzia, au angenilazimisha kuchukua kasha la chuma lenye namba za siri. Kasha hilo nilikuwa nimeshalijaribu palepale, nikakosea namba mara tatu. Nikawaza, mwizi gani atanisubiri? Kwa hiyo niliiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza, ikiwa imejazwa na kukokiwa, risasi moja tayari mtutuni. Nikajiambia Mama hajafungua droo ile mwaka mzima.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nilitoka kuokota mayai. Niliporudi na kuusukuma mlango wa nyuma, Mama alikuwa amesimama kando ya jiko na gauni lake la kulalia, ameishika bastola kwa mikono miwili, imenielekea kifuani. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

“Simama hapo hapo, mwizi we!”

Nikamwambia, Mama, ni mimi, Verna.

“Mwongo! Verna ana miaka tisa, yuko shule. Unamngoja mwanangu arudi, sivyo? Hutamgusa. Nitakuua kwanza.”

Mayai yaliniponyoka. Nikapiga magoti, nikaanza kumwimbia ule wimbo wake wa kunilazia.

Kaka, mchungaji na majirani nimewaambia kwamba Mama alisikia wimbo akaishusha mwenyewe. Si kweli. Mama alifyatua. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama wa kufuli. Akakaza kidole tena, safari hii hapakutoka mlio wowote. Jana yake nilikuwa nimeitoa risasi zote ili niisafishe, nikazirudisha magazini, lakini nikasahau kuikoki tena ili moja iingie mtutuni. Siku nyingine yoyote tangu mwezi wa nane, ungekuwa umeshanizika.

Aliitazama, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, “Basi toka, kabla mtoto hajarudi.” Niliichukua nikatoka nayo, nikakaa ngazini. Baada ya muda akafungua mlango, akaniuliza kwa nini nakaa kwenye baridi, na nani amevunja mayai yote yale.

Bastola nimemrudishia Bi Lavonne, na nimemweleza ukweli wote. Nilitegemea anitukane. Aliifungia, kisha akaniuliza lini mara ya mwisho nililala usingizi wa kushiba. Nikalia mbele ya wateja wake.

Sikulaumu. Uliposema ninunue silaha nilikubali haraka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukwambia kwamba Mama amenishinda. Peke yangu siwezi tena. Usinipigie simu kunishauri habari za kufuli wala mbwa. Njoo.

Msalimie Carlene na watoto. Mama hajui kama nakuandikia, lakini angejua asingekubali barua ifungwe bila salamu zake, kwa hiyo zipokee.

Ni mimi dada yako,
Verna