Chura wa Miguu Mitano na Uzio Nilioufungua

Jumatano. Mvua imekatika siku nne sasa na jua limerudi kwa nguvu. Tangu asubuhi sijaweza kula.

Nilimwona ukingoni mwa silanga, bwawa letu la maji ya mvua. Chura mwenye miguu mitatu ya nyuma, wa tatu umechomoza kwenye nyonga, mwembamba, umepinda, unaburutwa tu. Mwenzake hakuwa na mguu wa kushoto kabisa, kinundu tu kama chuchu. Nilimgeuza yule wa kwanza kwa bakora, na ule mguu wa ziada ukatikisika peke yake. Nikatema mate. Kisha nikakumbuka kwamba chai yangu ya alfajiri ilikuwa ya maji yale yale.

Wazee wenzangu wa kamati ya maji walikuwepo. Guyo, mwenyekiti wetu, alimtazama chura akasema, "Ameongezewa mguu na bado hawezi kukimbia." Tukacheka kidogo. Halafu uso ukambadilika. "Ni huyu mama na sabuni yake. Azuiwe."

Alimsema Mama Ekai, mjane aliyekimbia mapigano ya Kipsing na watoto wanne, anayefulia watu nguo hapo silangani. Akizuiwa, hana kazi wala maji. Kamati itaamua kesho baada ya adhuhuri.

Mimi nimesoma habari za vyura hawa. Kuna mnyoo anayeishi tumboni mwa ndege wa majini. Mayai yake huanguka na kinyesi, watoto wake huingia ndani ya konokono na kuongezeka humo mpaka konokono anakuwa mfuko wa minyoo. Wakitoka, humtafuta kiluwiluwi, mtoto wa chura, na kumtoboa pale pale mguu unapoanza kuchipuka. Mguu hugawanyika, au haumei. Chura kilema hukamatwa na korongo kwa urahisi, na mnyoo amerudi tumboni mwa ndege.

Ulemavu naweza kuutazama. Werevu huo wa mnyoo ndio unaonitia kichefuchefu.

Na konokono hustawi wapi? Panapojaa samadi, maji yakafunikwa na utando wa kijani, nao wakaula na kuzaana. Silanga yetu inanuka kama zizi.

Kule Biliqo, kabla mapigano hayajatutoa, mifugo haikukanyaga maji. Maji yalipandishwa hadi kwenye birika la udongo la kunyweshea, na msimamizi wa zamu, aba herega, alimrudisha nyuma yeyote aliyekiuka, hata mjomba wake. Baba yangu alikuwa aba herega. Nimejivunia jambo hilo hapa mara nyingi kupita kiasi.

Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu wawili walidhoofika, wasiweze kungoja zamu. Nikafungua uzio wa miiba uliozunguka silanga hii, nikawaingiza majini. Watu walipoona mtoto wa aba herega ameingiza ng'ombe, nao wakaingiza wao. Uzio haukurudishwa tena.

Leo Guyo aliniuliza, "Wewe msomaji, unasemaje?"

Nikajibu, "Tutaona."

Neno hilo linanichukiza kuliko chura.

Sina hadubini, huenda kuna sababu nyingine. Lakini konokono wamejaa kwenye mawe, nimewaona, na samadi najua ilianza na ng'ombe wa nani. Mtu aliyefukuzwa kwao kama mimi yuko karibu kufukuzwa tena, na mimi nimekaa kimya.

Kesho asubuhi nitamfuata Mama Ekai anapofulia, nimwambie yeye kwanza habari za uzio. Kisha nitasimama mbele ya kamati. Wakinicheka, wacheke.

Lakini kama chura yule asingetokea, uzio ule ningeutaja lini?