Walikuwa Wanasikia Baridi

Mwanangu,

Nimetoka bila kukuamsha. Niseme kweli tu: leo sina uso wa kukutazama.

Maji ya vifaranga nimebadilisha. Acha zile kokoto kwenye kisahani, wasije wakazama. Maranda ya kwenye boksi yamelowa upande wa ukutani, yatoe. ~~Taa yao izimwe jua likitoka, umeme si wa bure.~~ Mambo ya taa amua wewe.

Jana uliniambia wamerundikana kwa sababu ya baridi, taa ishushwe. Nikakujia juu mbele ya mama yako: "Nimefuga kuku wewe hujazaliwa!" Nikasema wanapendana, basi. Nikawapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo, eti tuige umoja wao. Shangazi yako akanimwagia sifa.

Asubuhi hii nimemkuta yule mweusi mwenye doa kichwani, yule uliyemngoja siku nzima atoke kwenye ganda. Wenzake walikuwa wamemlalia. Amekufa. Nimemzika nyuma ya jiko, nimeweka jiwe.

Kisha nikaishusha taa karibu nao kama ulivyosema. Hata dakika kumi hazikupita, wakatawanyika wote, wakaanza kudonoa. Nilibaki nimechuchumaa pale kama mjinga.

Chai iko kwenye chupa.

Ile picha nilitaka kuifuta. Nimeiacha, nikaandika chini yake: "Hawa walikuwa wanasikia baridi. Binti yangu aliniambia, nikamfokea." Ukoo mzima umesoma, hata shangazi yako.

Baba