Gitaa Katika Santuri ya Baba

Nyarero, Tarime
14 Julai 1957

Kwa mdogo wangu Nashoni,

Pokea salamu za dada yako Boke. Sisi huku tunapumua. Mama bado analalamikia magoti, ulezi tumevuna wa kutosha, na yule ng'ombe mweupe kazaa ndama jike. Natumaini huko Nakuru kazi ya reli haijakumaliza na kwamba unakula. Kama unaumwa sema, usinyamaze kama ulivyozoea.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma peke yangu, baba sijamsomea wala sitamsomea. Mura, kijana wewe, uliandika maneno mazito! Eti umeivunja santuri yake kwa nyundo mbele ya wenzako, eti hutakanyaga nyumbani mpaka aombe radhi. Nilikasirika nikataka kukujibu siku ile ile. Ni heri sikukujibu, maana siku ile hata mimi nilikuwa sijui kitu.

Sasa nisikilize. Santuri mpya za baba zilipofika, Mogesi mwenye hoteli ya chai alizinunua zote nne akazipiga mchana kutwa. Watu walijaa mpaka barabarani wakingoja nyuzi za litungu na nyimbo za Kikurya, kama zile santuri mbili za zamani. Likatoka gitaa. Ikatoka chupa ya soda inagongwa kwa msumari. Na baba anaimba Kiswahili, polepole, habari za mapenzi na safari, kama kijana wa mjini. Watu walitazamana. Mzee Ryoba akasema kwa sauti kwamba baba yetu Kisyeri amelitupa litungu la baba yake akashika gitaa la Nairobi, na wote tukaamini. Kwetu anayeimba ndiye anayepiga; nani aliwahi kumwona mwimbaji amesimama mikono mitupu?

Tangu hapo hatuna amani. Kwenye pombe ya mavuno waliuchomoa mrija wake chunguni, yeye mwenyewe amekaa palepale anatazama. Vijana wakipita njiani wanachezea vijiti kama gitaa na kucheka. Baba hajibu, hajitetei. Mama akimwuliza kwa nini, anasema nyakati zimebadilika, basi. Nilimchukia, Nashoni, sikufichi.

Halafu wazee wa inchama, lile baraza la siri la mila, wakakaa. Wamesema vijana wa tohara mwaka huu hawawezi kuongozwa kwa litungu kurudi nyumbani na mtu aliyeacha cha kwao. Tarehe kumi Agosti baba apeleke litungu na kulipiga mbele yao. Akilipiga, yamekwisha. Akikataa, litungu la babu litahamia nyumba nyingine, ya Waisiko, na sisi tutabaki kuwa nyumba ya mtu aliyewauza wafu wake. Wakwe watarajiwa wa ndugu yetu Rhobi wameshatuma mtu kusema ng'ombe wa mahari wangoje kwanza.

Basi nikamfuata baba nimwambie apige, maana niliona ni kiburi tu. Alikuwa kando ya moto anajaza kiko. Nilimsema, mdogo wangu, nilimsema vibaya kama si mzazi wangu. Yeye akaokota kaa la moto kwa vidole ili awashe kiko, akabaki amelishika huku ananisikiliza. Nikaendelea kusema. Mara nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Baba alikuwa bado ananitazama usoni, ametulia kabisa. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nikampiga mkono kaa likaanguka.

Vidole vya baba vimekufa. Ni ukoma, Nashoni.

Alinieleza yote huku analia, baba yetu analia! Ulianza mwaka juzi. Vidole havisikii nyuzi, anapiga na kukosea. Gari la watu wa santuri lilipomfuata alikwenda na litungu lake, lakini kule Nairobi, mbele ya kipaza sauti, likamshinda. Wakamwita kijana mmoja apige gitaa, na kwa kuwa kijana yule hakuzijua nyimbo zetu, wakatunga nyingine hapo hapo. Baba hajawahi kushika gitaa maishani mwake. Ameona heri aitwe msaliti kuliko atengwe, Rhobi akose mume, na mama akimbiwe kisimani. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote. Niliapa, na sasa nakuambia. Dhambi hiyo niachie mwenyewe.

Nilikwenda hospitali ya misheni nikauliza kana kwamba naulizia jirani. Muuguzi akasema siku hizi kuna vidonge na watu wanapona, na kwamba huambukizwi kwa kusalimiana tu. Baba amekubali kwenda. Ila hatoki hapa kabla litungu halijapata mwenyewe.

Hapo ndipo unapotakiwa wewe. Desturi unaijua: mtoto wa kiume akisimama mbele ya wazee akadai chombo cha baba yake, baba haambiwi tena apige. Anapiga mtoto. Wewe vidole unavyo, na alikufundisha mwenyewe kabla hujakimbilia reli. Hasira zako kijiji kizima kinazijua; wenzako walioiona nyundo wameshafika hapa wakasimulia. Basi njoo nazo. Mfokee mbele yao, mnyang'anye litungu, ulipige. Wakikutazama wewe hakuna atakayetazama vidole vya mzee.

Baba hajui kwamba nimekwambia. Atadhani umemnyang'anya kwa chuki, na itamchoma. Mimi mwenyewe ninaogopa siku hiyo. Lakini njia nyingine sijaiona, na kama unayo, usiniandikie, njoo nayo wewe mwenyewe. Siku zimebaki chache.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama blanketi lilikufikia. Rhobi naye anakusalimu. Barua hii ukimaliza kuisoma ichome moto.

Na jambo moja la mwisho, ndugu yangu. Mkisharudi nyumbani na mlango umefungwa, msogelee baba umwamkie, na mkono wake uushike kwa mikono yako miwili. Usiuachie haraka. Hatausikia, lakini ataona kwamba umeushika.

Ni mimi dada yako,
Boke Kisyeri