Filimbi ya Dida
Merti, 1983

Kajuju, wewe na filimbi yako mtaniua! Lori itakayobeba barua hii inaondoka lakini lazima nikuandikie.

Si ulisema pale hospitalini mwanangu Dida apulize kila siku kifua kipate nguvu, kwa vile misuli yake ni dhaifu hata kukohoa hawezi? Leo amepuliza vile baba yake huita mbuzi kisimani.

Mbuzi zote za jirani, Mzee Dabaso, zikaingia ndani. Ndani, Kajuju! Juu ya kitanda!

Mzee akaja mbio na fimbo. "Nani ameita mbuzi zangu?"

"Mimi!" Mtoto hajawahi kutembea, na anajibu "Mimi!"

Dida akacheka mpaka akakohoa. Akakohoa, Kajuju! Makohozi yote yakatoka.

Mzee akaweka fimbo chini. "Basi kesho uniitie tena. Miguu yangu imechoka kuzifuata."