Farasi Arobaini Ndani ya Ngome

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha. Joto la kunata.

Kazini nimekata suruali kumi na mbili za sare, sikukosea hata moja. Jioni nikapita ukumbi wa michezo ya kompyuta — nikaaibika! Ilikuwa ngome ya mlimani, mazoezi tu, mimi na mashine. Nikachoma lango kwa mishale ya moto. Likawaka vizuri. Kisha nikawaamuru wapanda farasi waingie — na lango bado linawaka! Sitini wakateketea kwa mpigo mmoja. Mtu mzima mimi, na kidato cha nne nimemaliza.

Komando alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndiye nahodha wa timu ya ukumbi; mchana ni fundi wa majokofu. Akauliza kama hata kwetu huwa nachoma mlango kwanza ndipo naingia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sasa naitwa Mkaa.

Haya. Mkaa ukipulizwa ndiyo unawaka.

Kiti cha tano cha timu kiko wazi, mwenzao amehama. Nikamwambia Komando mbele ya wote: kile kiti nakitaka. Akasema nimtoe kwanza ngomeni. Yeye ndani, mimi nje. Ijumaa na Jumamosi, saa kumi na moja hadi saa mbili, ukumbi unapofungwa. Ngome ikisimama hadi mwisho, nisitamke neno kiti mwaka mzima. Mwenye ukumbi akaandika ubaoni.

Imeandikwa, basi.

Jumanne, 3 Juni

Jua kali tangu saa mbili asubuhi.

Nimepima, sikukisia. Mishale ya mnarani inafika hatua themanini. Mtambo wangu wa kurusha mawe unafika mia moja na kumi. Nisimame kwenye mia — nipige nisipigwe. Kila ngazi moja inanigharimu watu ishirini kabla wa kwanza hajashika ukuta. Ngazi hapana. Lango — tusilizungumzie lango.

Nimeichora ngome yote kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Wifi akachungulia (naishi kwao, yeye na kaka). "Gauni la nani hili, mbona lina meno?" Nikamweleza. Akasema wenzangu wanatafuta wachumba, mimi natafuta ghala la mfalme. Nikamwambia mfalme mwenyewe nikimkuta nitamfikishia salamu zake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akauliza polepole, "Na ukishindwa, wifi?"

Nikakunja karatasi.

Jumatano, 4 Juni

Mvua. Umeme ulikatika, mazoezi hakuna.

Nimekaa gizani nikifikiria mtu badala ya kuta. Komando hajawahi kucheza bila farasi. Arobaini, kila mara! Hata akiwa mlinzi. Anawapanga uani kwa rangi, weupe mbele. Anawapenda kama mtu anavyopenda viatu vipya.

Farasi ndani ya ngome wanafanya nini?

Wanakula!

Alhamisi, 5 Juni

Mawingu, baridi kidogo. Nimetoka kazini mapema, nimejaribu mara mbili na matokeo ni yale yale.

Farasi mmoja anakula kama askari wanne. Askari mia na ishirini peke yao, ghala linawatosha siku arobaini na mbili za mchezo. Ukiwaongezea farasi arobaini — siku kumi na nane! Sisi tunacheza siku ishirini na nne, kumi na mbili kila jioni. Ghala likikauka, lango linafunguliwa na askari wake mwenyewe.

Kwa nini hakuna aliyeligundua hili? Kwa sababu pale ukumbini mtu asiposhambulia ndani ya saa ya kwanza anaitwa mwoga. Kuzingira na kusubiri wanakuita kuatamia. Kama kuku.

Basi nitaatamia.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi manyunyu. Kufikia mchana kukawa kukavu.

Alikuja na farasi! Arobaini, weupe mbele. Niliuma shavu nisicheke.

Nikazungusha uzio wa miti iliyochongwa, ngome nzima. Mitambo hatua mia moja. Kisha nikakunja mikono. Saa ya kwanza ikapita bila jiwe hata moja.

"Mkaa, umekuja vitani au umekuja kupiga kambi?"

"Anaatamia huyo!"

"Vifaranga lini?"

Wifi alikuwa amekuja, sikumwalika. Alikaa nyuma yangu na mkoba wake mapajani. Akawageukia: "Mwacheni akae. Jogoo ndiye asiyejua kazi ya kukaa." Walicheka, safari hii si mimi waliyemcheka.

Saa ya pili Komando akatoka kwa lango la nyuma na farasi wote, achome mitambo yangu. Uzio ukawazuia. Walikuwa wamebanwa pale, mishale yangu tayari, ukumbi mzima unapiga kelele: ua! ua!

Sikuua. Nikawasha moto pande mbili, nikawaachia njia ya kurudi ndani tu. Wakarudi wote arobaini. Watu wakashika vichwa. "Huruma ya mama!" Komando akasema, anajipiga paja.

Huruma! Kila farasi ambaye ningemuua ningekuwa nimemwongezea Komando chakula.

Saa ya tatu akaacha kujipiga paja. Nikajua amelitazama ghala. Siku ya kumi na mbili, na kimebaki chakula cha siku sita.

Robo saa kabla ya kufunga akaniinamia. Kwa mara ya kwanza akaniita dada. "Dada, tusidhalilishane. Tuseme sare. Nakupa kiti cha akiba, ubao tunaufuta."

Nikamwuliza kama kiti cha akiba huwa kinacheza. Akasema mmoja akiumwa.

Na hapo nilikuwa najua nisichotaka yeye akijue: kuna kitufe cha kuchinja farasi. Nilikiona jana kwenye mazoezi. Sijawahi kuona mtu akikigusa. Akiwachinja kesho saa kumi na moja kamili, hata bila kuhesabu nyama yao, ghala linamfikisha siku ya ishirini na sita. Nimekwisha. Na kwa hilo sina dawa. Uzio hauzuii kisu cha ndani.

Ningeweza kupokea akiba. Nilihesabu, sikatai.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Sikuja kuombea mtu aumwe. Kiti cha tano. La sivyo, walishe farasi wako."

Mwenye ukumbi akauhifadhi mchezo, akafunga.

Njiani wifi akauliza kama nimeshinda. Nikasema bado. Akauliza itategemea nini. Nikasema itategemea kama mwanamume yule anaweza kuchinja vitu vyake vizuri, mbele ya watu, ili asishindwe na mimi.

Mlangoni wifi akanigeukia. "Wewe ungeweza?"

Mara moja, nikamwambia. Weupe kwanza.

Kesho saa kumi na moja. Saa nne kasoro dakika kumi sasa — nalala.