Sahihi ya Shahidi kwenye Bahasha ya Annika

Annika,

Supu ya viazi na jibini iko jikoni, umbakizie baba yako. Mbwa hajatoka.

Asubuhi nilipoona kwenye kura yako ya posta umekipa kile chama kidogo, niligoma kukutilia kwenye bahasha sahihi ya shahidi, ambayo bila yake kura haihesabiwi. Nikasema unaitupa kura, na dawa za baba yako zitapanda bei. Ukaniuliza, "Kwani Mama, hivyo vyama viwili vikubwa vimewahi kuzishusha?"

~~Omba karatasi nyingine, upige upya.~~

Hapana. Ipeleke kwa karani wa mji anayepokea kura, kabla ya saa kumi na moja jioni. Nimesaini. Shahidi haulizwi umemchagua nani, anaulizwa alichoona. Niliona mkono wako hautetemeki ulipopiga kura.

Wangu ulitetemeka. Usiicheke hiyo sahihi.

Mama